Blanketi juu ya kamba: Vichekesho vya kale vya Hollywood vilivyojua kusitiri

Ikiwa wewe ni wa rika langu na ulilelewa katika nyumba yenye mapenzi ya senema za Kihindi, basi hadithi nitakayoanza nayo unaijua. Binti wa tajiri amtoroka babaye kwa sababu amezuiwa kuwa na mume amtakaye. Njiani, ndani ya basi, akutana na mwandishi wa gazeti asiye na kazi wala senti. Wagombana. Walala mahali pamoja kwa dhiki, kila mmoja upande wake. Hata wanapofika mwisho wa safari, binti yule hamtaki tena yule aliyemtorokea. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akiihadithia hadithi hii huku akichagua mchele kwenye uteo, na kwake yeye ilikuwa ni ya Raj Kapoor na Nargis, jina lake Chori Chori, iliyotoka mwaka 1956. Dada zangu wadogo waliipata upya mwaka 1991 kwa sura za Aamir Khan na Pooja Bhatt katika Dil Hai Ke Manta Nahin, na nyumba nzima ikagawanyika makundi mawili juu ya ipi iliyo bora.

Nilikuwa mtu mzima ndipo nilipojua kwamba makundi yote mawili yalikuwa yakigombania maji ya mtungi, na kisima kiko kwengine. Hadithi hiyo ni ya Kimarekani. Iliandikwa na Samuel Hopkins Adams, na mwaka 1934 mwongozaji Frank Capra akaitengeneza senema katika kampuni ya Columbia, ikaitwa It Happened One Night. Binti ni Claudette Colbert, mzaliwa wa Ufaransa. Mwandishi wa gazeti ni Clark Gable. Tangu nilipoiona hiyo nimekuwa kama mtu aliyeonjeshwa halua ya kwanza. Nimezitafuta na nyenginezo za aina yake moja baada ya moja, na leo nataka kuzitaja, maana naona vijana wetu hudhani senema ya kale ni kitu cha kusinzilia.

Katika hiyo ya Capra, binti aruka kutoka katika jahazi la anasa la babake huko Florida na kupanda basi la usiku kwenda New York. Mvua yakatiza safari. Wafika kambi ya wasafiri. Chumba ni kimoja, vitanda ni viwili, na pesa za kukodi cha pili hazipo. Gable achukua kamba, aifunga toka ukuta huu mpaka ukuta huu, atundika blanketi, kisha aliita Kuta za Yeriko, ule mji ambao kuta zake ziliporomoka kwa mlio wa mabaragumu. Usiku kucha maneno yapita juu ya blanketi lile wala mkono haupiti. Nani katika sisi asiyeielewa nguvu ya pazia? Watu wa mji wetu wamejenga nyumba zao kwa pazia, na wajua kwamba sauti ya nyuma ya pazia huingia moyoni zaidi ya uso uliowekwa wazi barazani.

Babake binti alikuwa ametangaza dola 10,000 kwa atakayemrejesha mwanawe. Kijana amwendea, mzee adhani amekuja kwa hizo. La. Amekuja kudai dola 39 na senti 60, gharama alizotumia njiani, wala hataki senti moja zaidi. Mzee amtazama mtu huyu aliyekataa utajiri na kushikilia haki yake ndogo, na hapo hapo ajua mkwe ni nani. Na mwisho wa mchezo hatuonyeshwi wapenzi wenyewe. Twasikia baragumu la kitoto likilia, twaona blanketi likianguka, basi.

Colbert mwenyewe hakuipenda kazi hiyo alipoifanya. Usiku wa kutoa tuzo za Oscar, mapema mwaka 1935, alikuwa yu stesheni anapanda treni. Ikabidi akimbiliwe na kuletwa ukumbini na nguo zake za safari. Senema hiyo ikachukua tuzo tano zilizo kubwa kuliko zote: ya mchezo bora, mwongozaji, mchezaji wa kiume, wa kike, na mwandishi wa mchezo. Zikapita zaidi ya miaka arubaini kabla ya nyengine kufikia hapo.

Wamarekani waliziita senema za aina hii "screwball", neno walilolitoa katika mchezo wao wa besiboli. Ni mpira unaotupwa kisha ukapinda upande ambao mpigaji hakuutarajia. Mimi naziita senema za kombo. Ndani yake kila kitu kimekwenda kombo: tajiri ni mjinga na maskini ndiye mwungwana, mwanamke ndiye mwindaji na mwanamume ndiye awindwaye, na walioachana ndio wapendanao. Zilishamiri toka mwaka 1934 mpaka vita vya pili vya dunia vilipoikumba Marekani, mwanzo wa miaka ya arubaini.

Na wakati wake ni wakati gani? Ni wakati wa dhiki kuu. Soko la hisa la New York liliporomoka mwaka 1929, na kufikia mwaka 1933 karibu mfanyakazi mmoja katika kila wanne huko Marekani hakuwa na kazi. Watu waliosimama foleni ya mkate mchana ndio hao hao waliotoa senti zao usiku kuingia senema kumcheka tajiri aliyevaa hariri na hajui kuchovya andazi katika kahawa. Gable amfundisha Colbert kuchovya, kwa hakika! Ni somo zima: usiliache likalowa sana.

Jambo la pili ni sheria. Wenye makampuni ya Hollywood waliandika kanuni ya maadili mwaka 1930, lakini kwa miaka minne ikabaki wino juu ya karatasi. Wakatoliki walipotishia kuzisusia senema, ikakazwa katikati ya mwaka 1934 chini ya mtu aliyeitwa Joseph Breen, na tangu hapo makampuni makubwa hayakutoa mchezo bila ya cheti cha ofisi yake. Uchi ukakatazwa, busu likapimwa, na hata mke na mume wa halali wakawa aghalabu huonyeshwa vitanda mbali mbali. (Blanketi la Gable lilitangulia kidogo, senema ile ilitoka Februari ya mwaka huo. Lakini lilikuwa kama limepiga ramli.)

Wako wanaosema kanuni ile iliua sanaa, na kwa baadhi ya mambo huenda ikawa kweli. Lakini mtunzi wa mashairi hawezi kuafikiana nao kikamilifu. Sisi tumefungwa kwa vina na mizani tangu tulipojua kushika kalamu, na twajua kwamba neno lililokatazwa mlango hutafuta dirisha, na likiingia kwa dirisha huwa tamu zaidi. Waandishi wale, walipokatazwa kuonyesha mwili, wakayafanya maneno kuwa ndiyo mapenzi. Mwanamume atupa kauli, mwanamke aidaka kabla haijatua na kuirudisha ikiwa na mwiba. Mtu aliyewahi kukaa kusikiliza malenga wawili wakijibizana, huyu akifunga na huyu akifungua, hatahitaji kufafanuliwa ladha yake.

Sasa nije kwenye ile inayonigusa zaidi. Jina lake ni The Awful Truth, ya mwaka 1937. Wachezaji ni Cary Grant na Irene Dunne, na mwongozaji ni Leo McCarey, aliyepata tuzo ya uongozaji kwa mchezo huo. Mume amwambia mkewe alikuwa Florida. Kumbe hakwenda, na ngozi yake imeiva kwa taa. Amletea kapu la machungwa, na machungwa yana muhuri wa California. Mke naye hakulala nyumbani. Alikuwa na mwalimu wake wa kuimba, na asema gari liliharibika. Kila mmoja amshuku mwenziwe, maneno yapanda, waenda mahakamani. Hakimu atoa talaka, lakini asema haitakamilika mpaka zipite siku tisini.

Siku tisini! Niliposikia hivyo nilikaa kitako. Mtu aliyesoma fikihi, hata kama ni kile kitabu chembamba cha chuoni, yuajua hesabu hiyo inafanana na nini. Eda ya mtalikiwa ni tohara tatu, na asiyeingia mwezini ni miezi mitatu. Na katika talaka rejea, maadamu eda haijesha, mke si wa kutolewa nyumbani, na mume aweza kumrejea bila ya ndoa mpya. Wamarekani wale walikuwa na muda bila ya nyumba moja. Sheria yao iliwatenga, huyu akakaa kwake na huyu kwa shangaziye. Basi mtunzi wa mchezo ndiye anayelazimika kuwakutanisha kwa kila hila: mume aja kumtembelea mbwa, mke aja kuiharibu posa mpya ya mume kwa kujifanya dadake mlevi, wote wawili wajikuta mahali pamoja tena na tena. Fedheha yao yachekesha, lakini chini ya kicheko pana jambo zito kabisa. Watu wawili wamepewa siku za kuhesabu, na kila siku inayopita mlango wazidi kujifunga.

Jamaa yangu mmoja alitoa talaka moja kwa ugomvi ambao hata kuutaja naona haya. Ulianza na pasi ya nguo. Mke alikuwa ameshafunga mizigo. Mamake mume, mwanamke asiyejua kusoma, alikaa mlangoni juu ya kigoda akasema, "Mwanangu, huyu haendi popote mpaka eda yake iishe, hii ni nyumba yake. Akitoka yeye leo, natoka na mimi." Wakakaa nyumba moja, hawasemezani, chakula chapitishwa kwa mtoto. Wiki ya tatu huyu bwana akapatwa na homa. Aliyemwamkia usiku kumpa maji ni nani? Leo wana wajukuu. Wagombanao ndio wapatanao, lakini sharti wakae mahali wanapoweza kugombana.

Mwanafalsafa wa Chuo Kikuu cha Harvard, Stanley Cavell, alichapisha kitabu mwaka 1981 juu ya senema saba za namna hii, akaziita vichekesho vya kuoana upya. Akaona kwamba suala ndani yake si iwapo kijana atampata binti. Suala ni iwapo waliokwisha kuoana wataweza kuchaguana mara ya pili, sasa wakijuana aibu zao. Mashairi yetu ya mapenzi, nakiri, hayajalitunga jambo hilo vya kutosha. Twatunga juu ya kumtamani asiyepatikana. Juu ya mke wa miaka ishirini tumekaa kimya.

Moja katika hizo saba ni ya watu wa kazi yangu, nami sitaipita mbio. His Girl Friday, ya mwaka 1940, iliongozwa na Howard Hawks. Asili yake ni mchezo wa jukwaani wa mwaka 1928 ulioandikwa na Ben Hecht na Charles MacArthur, wote wawili wakiwa watu wa magazeti ya Chicago. Katika asili, mhariri agombana na ripota wake mwanamume anayetaka kuacha kazi. Hawks akamgeuza ripota kuwa mwanamke, na si mwanamke tu, bali mtalaka wa mhariri. Rosalind Russell aja ofisini kumwaga Cary Grant: kesho aolewa na bwana mpole wa bima na kwenda zake Albany kulea watoto. Grant hamwambii "usiende". Ampa habari ya kuandika.

Nilipoingia chumba cha habari mara ya kwanza, taipureta zilikuwa bado zalia, na mhariri wangu alikuwa na tabia ya kumwita mtu jina akiwa ameshampa kisogo. Kwa hiyo niliucheka mchezo huu kwa kicheko cha mtu aliyechomwa. Wasema haraka mno, wawili na watatu kwa pamoja, kauli hii yapanda juu ya mgongo wa kauli ile, na ukikohoa umekosa mizaha miwili. Lakini tazama wanachokizungumzia. Yuko mtu dhaifu, Earl Williams, atakayenyongwa asubuhi. Meya na mkuu wa polisi wataka anyongwe kwa sababu uchaguzi umekaribia. Barua ya gavana ya kusimamisha hukumu yafika, nao wamhonga mletaji aondoke nayo. Waripota wacheza karata dirishani, chini yao mti wa kunyongea wajengwa. Yule mtu atoroka, na Russell amficha ndani ya meza ya kuandikia yenye kifuniko. Wacheka, kisha wajiuliza wamchekea nani. Sijaona senema nyengine iliyoisema kazi yetu kwa ukweli hivyo, tamaa yake na fahari yake.

My Man Godfrey ya mwaka 1936 nayo yatoka katika moyo wa dhiki ile ile. Matajiri wa New York wacheza mchezo wa kutafuta vitu vilivyotupwa, na kimoja katika vitu wanavyotakiwa kuleta hotelini ni mtu aliyesahauliwa, yaani maskini. Waenda kumtafuta jalalani, kando ya mto. Binti mmoja mwenye kiburi ampa Godfrey dola tano akubali kwenda kuonyeshwa. Godfrey amwendea polepole, binti arudi nyuma mpaka aangukia katika rundo la majivu. Mdogo wake, Carole Lombard, aona haya kwa waliyoyafanya, na haya hiyo ndiyo chimbuko la hadithi nzima. William Powell acheza Godfrey kwa utulivu wa mtu aliyevaa kanzu iliyopigwa pasi. Yeye na Lombard walikuwa mke na mume kweli kabla ya hapo, wakaachana mwaka 1933. Na yasemwa Powell mwenyewe ndiye aliyetaka apewe yeye nafasi ile.

Lombard alikuwa na kipawa cha kuonekana kama hafikiri, na hilo ni gumu kuliko kulia machozi. Mwaka 1939 akaolewa na Clark Gable. Januari ya mwaka 1942 alikwenda jimboni kwao Indiana kuuza hati za mkopo wa vita, na akirudi ndege yake ikaanguka milimani huko Nevada. Alikuwa na miaka 33. Mchezo wake wa mwisho, To Be or Not to Be, wa kuwadhihaki Wanazi, ulionyeshwa yeye akiwa ameshazikwa.

Cary Grant alizaliwa Bristol, Uingereza, mwaka 1904, jina lake Archibald Leach. Utotoni mamake alitoweka; kumbe alikuwa amewekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili, na mwana hakujua kwamba yu hai mpaka alipokuwa mtu mzima mwenye jina. Alifika Marekani na kikundi cha wanasarakasi, na sarakasi hiyo utaiona katika kila anguko lake. Katika Bringing Up Baby ya mwaka 1938 yeye ni mtaalamu wa mifupa ya kale aliyebakiwa na mfupa mmoja tu kukamilisha mnyama wake. Katharine Hepburn amwingiza katika balaa la chui wa kufuga, na chui mwengine mkali atokea, na hakuna ajuaye yupi ni yupi. Hepburn hakumwogopa chui, Grant alimwogopa. Senema ilipotoka haikupata faida, na mwaka huo huo wenye majumba ya senema wakamtaja Hepburn kuwa ni sumu ya biashara. Miaka miwili baadaye akarudi na The Philadelphia Story na kuwafumba midomo. Aliishi mpaka mwaka 2003, akiwa na miaka 96.

Nisije nikadhaniwa nasifu bila ya kupima. Ulevi umejaa katika senema hizi kama chai ilivyojaa kwetu, na mara nyingi mlevi ndiye wa kupendwa. Na Mwafrika wa Marekani ndani yake ni mpagazi wa treni au mtumishi, na mara nyengine ni wa kutishwa ili achekwe, kama mhudumu yule wa baa ya treni katika The Palm Beach Story ya Preston Sturges. Ila Sturges huyo huyo, katika Sullivan's Travels ya mwaka 1941, aliwaonyesha waumini weusi wakiwakaribisha wafungwa wenye minyororo kanisani mwao kwa heshima na huruma, hata Walter White, mkuu wa chama cha NAACP cha kutetea haki za weusi, akamwandikia barua ya kumshukuru. Mambo hayo mawili ni ya mkono mmoja, na kila mtazamaji ayapime mwenyewe.

My Man Godfrey na His Girl Friday hazina tena mwenye haki ya kuzifungia huko Marekani, kwa hiyo zapatikana bure katika intaneti, na ukiwa na simu na kijana wa kukufungulia umezipata.

Binti yangu ndiye aliyetufungulia The Awful Truth jioni moja baada ya isha. Mke wangu hakuwa na haja nayo. Alikuwa akishona kofia, macho kwenye sindano. Walipofika mahakamani na hakimu akaamuru mbwa ajichagulie mwenyewe wa kwenda naye, aliinua kichwa. "Baba Zuhura, hawa watu wana akili? Wameachana, nyumba na mali hawavitaji, wagombania mbwa! Angalau wangegombania paka." Akarudi kwenye kofia yake.

Lakini mwishoni wako katika nyumba ya mashamba, vyumba viwili vyenye mlango kati, na mlango wenyewe haufungiki vyema, kila upepo ukivuma wafunguka. Ukutani pana saa yenye visanamu viwili, mwanamume na mwanamke, kila robo saa hutoka milangoni mwao na kurudi kila mmoja kwake. Ikifika saa sita usiku, talaka imekamilika. Nilitaka kumweleza mke wangu jambo juu ya eda. Sindano ilikuwa imesimama. Akaniwekea mkono wa kunizuia, hata hakunitazama, akasema ninyamaze kwanza, bado dakika kumi na tano.